Goti Langu na Tanki la Lita Elfu Mbili

Jumatatu, 2 Juni

Leo nimeingia majini. Mimi Gerson, mwana wa nchi kavu, niliyeoga kwa kopo tangu kuzaliwa, nimezama hadi kifuani katika maji ambayo hakuna mtu anayeyachota. Bwawa zima! Yamekaa tu, hayana kazi nyingine. Yangekuwa kijijini Haneti, foleni ya ndoo ingefika barabarani.

Lakini nianze na goti. Mwezi uliopita nilikuwa barazani najifua kwa ajili ya sendofu ya binti yangu Gladness, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi. Njuga mguuni, filimbi mdomoni. Kuruka niliruka vizuri sana. Kutua ndiko kulikoharibika. Tangu siku hiyo goti la kulia limegoma kukunja. Nikikaa, mguu unanyooka mbele kama mpini wa jembe na kila anayepita anajikwaa.

Sendofu ni Jumamosi ya wiki ijayo. Katika ukoo wetu jambo hili halina mjadala: baba anamwingiza binti ukumbini kwa kucheza. Si kutembea. Kucheza! Gladness alipokuwa mdogo nilikuwa nambeba mabegani nikicheza uani, naye ananishika masikio asianguke. Nilimwahidi kwamba siku yake ikifika nitacheza mpaka watu waulizane yule ni nani. Ahadi ni deni. Sasa kamati ya sherehe imeniambia, kwa upole wenye sumu ndani yake, kwamba Alhamisi ya wiki hiyo hiyo watanikagua. Goti lisipokunja, nitasukumwa kwenye kiti cha magurudumu na mbele ya binti yangu atacheza Jamaldini.

Jamaldini! Jirani yangu hapa Nkuhungu, Dodoma. Mnyamwezi wa mjini, babu zake walipita hapa na misafara wakaonja maji ya visima vyetu wakasahau safari. Ni mtani wangu, kama kila Mnyamwezi kwa sisi Wagogo, na mtani hakasirikiwi. Anaweza kukuita beberu mbele ya mchungaji wako nawe ukacheka. Amekwisha nunua viatu vya kuchezea. Vyeupe.

Basi Priska, mke wangu, akanipakia kwenye bajaji hadi kituo cha mazoezi ya viungo kule Ihumwa, penye bwawa la maji ya uvuguvugu. Mtaalamu wao ni binti anaitwa Loisi, rika la Gladness. Akanipa shikamoo. Nikaitikia marahaba kwa sauti nzito, nikajua huyu nimemweza. Nilikosea. Marahaba haijapoa akaniamuru nikaoge kwanza, nivae kaptula, nisikimbie kwenye sakafu yenye maji, nishike bomba la pembeni na nishuke taratibu. Shikamoo ile ilikuwa ya kufungulia mlango tu.

Lakini maji yenyewe! Vuguvugu kama uji uliosahauliwa mezani kidogo. Mguu ukawa mwepesi. Goti likanyamaza. Loisi akaeleza kwamba maji yanabeba uzito wa mtu, ndiyo maana kiungo kinachouma kinathubutu kufanya kazi, lakini kazi yenyewe naifanya mimi. Tembea mbele. Tembea nyuma. Tembea kiubavu, kama mtu aliyechelewa ibada anapita kati ya mabenchi. Pandisha goti, shusha goti. Nilisikiliza nusu. Nilichokielewa ni kwamba maji yale yana nguvu.

Na nani alikuwa humo humo akielea chali, tumbo juu, kama yuko kwenye mkeka wake? Jamaldini. Ana bega bovu. Anadai aliogelea Ziwa Tanganyika ujanani. Huyu hajawahi kuvuka Manyoni.

Baada ya nusu saa nikatolewa. Nilipotoka majini mwili ulinirudia na uzito wake wote, na wa jirani juu yake. Loisi akanipa maji ya kunywa, akasema leo nitachoka na ni kawaida. Nimelala mpaka jioni, nimeamka na njaa ya ng'ombe, nimemaliza ugali na mlenda wa watu wawili. Na nimepata wazo. Ikiwa nusu saa inafanya hivi, asubuhi nzima itafanya nini?

Jumanne, 3 Juni

Mama Mkwe amefika kutoka Haneti. Bibi Evelina. Jina lake nimeliandika mara hii moja tu, sirudii.

Amekuja na kuku wawili, karanga, na ngoma yake ya muheme. Ngoma hiyo mwanamke anaibana katikati ya magoti na kuipiga kwa viganja, na kwa kuipiga Mama Mkwe hana mpinzani kuanzia Haneti mpaka huku. Jumamosi hiyo ya sendofu ndiye atakayepiga. Tatizo ni kwamba magoti yake yamechoka. Akiibana ngoma kidogo tu inamponyoka. Kwa hiyo Priska amemwandikisha kituo kile kile cha Ihumwa.

Nikainuka kitini kwa mguu mmoja. Priska akanituliza: kipindi cha kina mama ni saa nne, changu ni saa tatu. Hatutakutana.

Na tusikutane! Tangu nimuoe Priska sijawahi kula mbele ya mama yake. Naingia uani nakohoa kwanza ili apate nafasi ya kupitia mlango mwingine. Akitaka kuniambia jambo anamtuma mtu, na kama hakuna mtu, tunatumia kilichopo. Mwaka juzi tuliongea habari za mahindi kupitia paka. Yeye anamwambia paka amwambie mkwe, mimi namwambia paka amwambie mama. Paka analala. Mambo yanakwenda vizuri kabisa.

Jumatano, 4 Juni

Sijui nianzie wapi.

Mpango ulikuwa safi. Kipindi chetu kilipokwisha, wenzangu wakatoka. Mimi nikajibanza kwenye kona ya bwawa, nyuma ya yale maboya marefu ya sponji waliyoyarundika, yanafanana na miwa. Kuiba dozi ya pili! Loisi akaenda kuwaita wanaofuata. Jamaldini aliniona. Akakonyeza jicho na kwenda zake. Mtani anapokunyamazia ujue kuna shimo mbele, lakini sikuwaza.

Wakaanza kushuka kina mama. Mmoja, wawili. Wageni kwangu, hakuna neno. Kisha nikasikia sauti inawasalimu wenzake kwa Kigogo, Mbukwa, Mbukwa. Damu ikaganda katika maji ya moto.

Kwa nini sikukumbuka? Saa nne! Kipindi chake! Nilikuwa nimepiga hesabu zote isipokuwa ya saa.

Mimi na kaptula. Kaptula ya njano, na fupi. Mkwe na mapaja nje mbele ya mama mkwe! Watu wamehama vijiji kwa mambo madogo kuliko hayo. Mtu angefanya nini? Nikazama. Nikafumba macho kwa heshima. Nilikuwa na hakika naweza kukaa chini bila pumzi mpaka kina mama wamalize. Sikuweza kukaa hata mpaka wamalize kusalimiana. Nikaibuka na boya kichwani, natema maji, nikafumbua macho, na pale mbele yangu, karibu kiasi cha kupokezana chumvi, alikuwa Mama Mkwe.

Akapiga ukelele. Akajifunika uso kwa gauni lenye maji. Mimi nikajifunika kwa kibao cha sponji. Kisha nikakimbia. Kukimbia ndani ya maji ni adhabu! Unatia bidii yote na unabaki pale pale, na kina mama wote wanakutazama. Nilipofika nje ndipo mbio zikakubali, juu ya ile sakafu niliyoambiwa nisikimbie. Nikateleza. Nikaketi. Goti likalia kama ukuni mkavu.

Loisi alisimama mikono kiunoni akaniuliza, kwa adabu zote, kama nadhani mazoezi ni karanga kwamba ukizidisha unashiba. Jamaldini alikuwa mlangoni anacheka huku ameshika bega, linauma lakini hawezi kuacha.

Alhamisi, 5 Juni

Goti limekuwa boga.

Mama Mkwe hatoki chumbani. Amesema Ihumwa harudi, maji yale yameona mengi. Priska ananijibu kwa neno moja moja. Akasema tu kwamba mama asipofanya mazoezi hatashika ngoma, na bila ngoma hakuna kucheza, kwa hiyo sasa nimevunja pande mbili kwa mtelezo mmoja. Gladness alikwenda kufua nguo ambazo zilikuwa safi.

Niliona aibu ya kweli. Mtoto huyu nampenda. Loisi alipiga simu akasema niweke barafu na kesho nisikose. Sitakosa. Ila safari hii nitakwenda kwa heshima.

Ijumaa, 6 Juni

Nilikwenda kwa heshima. Suruali, shati la mikono mirefu, koti, tai. Nilifikiri hivi: hata Mama Mkwe akibadili mawazo akaja, atamkuta mkwe wake amevaa kama mzee wa kanisa. Loisi alikuwa kwenye simu. Nikashuka haraka.

Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba suruali hubeba hewa! Miguu ikapanda juu, kichwa kikaenda chini. Koti likanywa maji, likawa zito kama gunia la chokaa. Jamaldini alinivuta kwa tai mpaka kwenye ngazi. Loisi akanitoa nje kabla sijapandisha goti hata mara moja. Akasema nguo za nje zinachafua maji na zinazamisha watu, na kwamba siku zinakwisha na goti halijafanya kazi yoyote.

Nikaenda kubadili nguo. Suruali kavu niliyoibeba ya kubadili haipo! Jamaldini ameichukua kwa haki ya utani, anataka jogoo ndipo airudishe. Nimerudi Nkuhungu kwenye bajaji nimejifunga taulo, na upepo huu wa Juni. Dereva aliniuliza kama natoka jando.

Jumamosi, 7 Juni

Sikukuu ya Idd. Jamaldini ameleta sinia la pilau limefunikwa vizuri. Juu ya kawa, ndani ya mfuko, suruali yangu. Imefuliwa na kupigwa pasi. Akasema kwa heshima ya sikukuu jogoo amesamehewa, ila suruali ilikuwa inavuja njaa mifukoni kwa hiyo na iambatane na chakula.

Nilitamani pilau liwe baya. Lilikuwa tamu mno. Nimerudia.

Jumapili, 8 Juni

Mahubiri yalikuwa marefu na dirisha lilikuwa wazi. Nje ya kanisa kuna tanki jeusi la maji, na juu yake hewa inachezacheza kwa jua. Nikalitazama. Likanitazama.

Tanki kama hilo ninalo nyumbani! La lita elfu mbili, limekaa chini kwenye saruji, maji ya kufulia na kumwagilia mizabibu. Mchana ukifungulia koki yanatoka vuguvugu. Ya nini kwenda Ihumwa kugombana na saa na wakwe, wakati bwawa ninalo uani kwangu? Halina Loisi. Halina Jamaldini. Na lina mfuniko! Nikapaza amina kwa sauti kuliko wote. Mchungaji alifurahi.

Jumatatu, 9 Juni

Naandika mkono bado umekunjamana kwa maji.

Priska alikwenda kazini, Gladness kwa fundi cherehani. Nikasikia bajaji inasimama nje na kuondoka, nikajua Mama Mkwe amelainika, amekwenda Ihumwa. Uwanja ni wangu. Nikaweka stuli, nikafungua mfuniko, nikatumbukiza ndoo chini ili iwe ngazi yangu ya kutokea, nikatanguliza mguu mbovu, nikajipenyeza.

Maji yalikuwa vuguvugu juu. Chini yalikuwa ya Haneti alfajiri. Kifua kinafurahi, nyayo zinalia. Nikatulia humo kama andazi kwenye karai, nangoja kupona. Sikusogeza kiungo. Kwa nini nisogeze? Maji ni maji. Nikangoja sana. Goti likawa kimya tu, halisemi limepona wala halijapona.

Mchana ukawa mkubwa, nikasema sasa nitoke. Ndoo haipo. Ilikuwa inaelea nyuma ya kichwa changu, imejaa furaha. Nikashika mdomo wa tanki, nikajivuta. Kichwa kikatoka, mabega yakatoka, tumbo likakataa. Ilinipasa kupandisha goti mpaka kwenye ukingo, na goti la kupandisha ndilo lile lisilopanda. Nikajaribu la kushoto. La kulia likakataa kubaki peke yake. Nikarudi ndani kishindo.

Ndipo nikasikia mlango wa jikoni, na kikohozi.

Hakwenda Ihumwa! Bajaji ilikuwa ya jirani. Mama Mkwe yuko nyumbani, na mimi niko ndani ya tanki na ile ile kaptula ya njano. Nikavuta mfuniko. Giza. Nikasikia kandambili zinakuja, ndoo inawekwa, koki inafunguliwa. Kisha akafanya ambalo mtu yeyote wa huku hulifanya: akagonga tanki kusikiliza maji yamefika wapi. Akaanza chini akipanda juu. Du, du, du. Alipofika mahali nilipoegemea mgongo, mlio ukawa mwingine. Akarudia. Du, du, du.

Nikajibu.

Sijui kwa nini! Nimelelewa hivyo. Mtu akibisha, unaitikia. Nikagonga kwa ndani, mara tatu, kwa adabu.

Koki ikafungwa. Nikangoja ukelele. Badala yake nikasikia kicheko, kile kicheko kirefu cha chini ambacho Priska amerithi. Kisha viganja vikaanza. Kwanza taratibu, kama anaonja. Halafu muheme yenyewe!

Sijawahi kuwa ndani ya ngoma. Ninawaambia wote ambao hawajawahi: mlio hauingii masikioni, unaingia mifupani. Maji yote yalitetemeka. Mabega yakaanza bila kuniuliza. Mguu wa kushoto ukafuata. Kisha wa kulia! Maji yananibeba, viganja vya Mama Mkwe vinanisukuma, goti linapanda, linashuka, linapanda zaidi. Likakunja! Likagusa ukuta wa tanki mbele yangu! Nikapiga kelele ya furaha, kichwa kikasukuma mfuniko, mfuniko ukaruka ukaangukia kuku.

Mama Mkwe alikuwa amekwisha geuka, amenipa mgongo, kanga kichwani mpaka machoni, mikono nyuma bado anapiga. Kwa nyuma, na hakosei! Akamwita paka. Akamwambia paka amwambie mkwe wake kwamba yeye hakuona mtu leo, na hata Jumatano hakuona mtu, kwa sababu mtu aliyezama hadi shingoni amevaa maji, na hakuna kanzu ndefu kama maji. Ila kwa usalama mkwe alete mbuzi, ili na waliokwisha tangulia wasikie kwamba jambo limekwisha. Nikamwambia paka amwambie mama kwamba mbuzi yupo na shikamoo. Akamwambia paka marahaba. Kisha akamwongezea paka kwamba Jumatano yeye atarudi Ihumwa mkwe naye akirudi, kila mmoja aangalie ukuta wake, maana magoti yake hayawezi kungoja aibu za watu wazima.

Akaingia ndani. Nikapandisha goti hadi ukingoni, likakubali, nikatoka. Nilitaka kulia. Nililia kidogo.

Makofi. Jamaldini alikuwa amekaa juu ya ukuta wetu, miguu inaning'inia, anakula karanga. Alikuwapo tangu ndoo ielee. Nikamuuliza kwa nini hakuja kunitoa. Akasema mtu hazimi redio katikati ya wimbo.

Priska amerudi, ameambiwa yote, amefungulia koki mpaka tanki limekauka. Mizabibu imekunywa mpaka imeshangaa.

Jumatano, 11 Juni

Siku njema kuliko zote!

Loisi alikubali kuunganisha vipindi kwa leo. Mimi nikatazama ukuta wa magharibi, Mama Mkwe wa mashariki, Jamaldini katikati kama bendera. Loisi akampa Mama Mkwe boya alibane katikati ya magoti: bana, achia, bana, achia. Mama Mkwe akauliza hii si ndiyo ngoma? Hakungoja jibu. Akaliweka boya pale ngoma inapokaa, akabana, akachukua kibao cha sponji na kuanza kukipiga juu ya maji.

Bwawa zima likachangamka! Mama mmoja mwenye kiuno kibovu, ambaye kila siku huomba kutoka mapema, alizunguka mara mbili akiimba. Jamaldini alinyanyua mkono mpaka juu ya kichwa, wa bega bovu, akaushangaa kama wa mtu mwingine. Mimi nilipandisha goti, nikatembea nyuma, nikapita kiubavu, bila kuiba hata dakika. Loisi mwenyewe, huko juu penye ukavu, mabega yalikuwa yanamtoroka.

Baadaye akapima goti langu. Limekunja kuliko alivyotarajia. Akasisitiza kwamba si maji wala si ngoma, ni mimi hatimaye kufanya mazoezi. Nikamkubalia kwa heshima. Binti wa watu amesoma, sikutaka kumvunja moyo. Lakini ni maji.

Alhamisi, 12 Juni

Kamati imenikagua sebuleni. Nimekunja! Nimechuchumaa na kuinuka! Gladness alinikumbatia mpaka miwani ikapinda. Loisi alituma maagizo kwa Priska, naye akayasoma mbele ya kamati nzima: baba acheze chini chini, nyayo zisiache sakafu, asiruke. Kuruka marufuku. Nikaapa.

Jamaldini alitazama viatu vyake vyeupe kwa huzuni. Nikamhurumia. Nikamruhusu acheze nyuma yangu. Akasema vema, lazima awepo mtu wa kuokota vipande.

Jumamosi, 14 Juni

Imefika. Imepita. Ngoja nieleze.

Mlango ukafunguliwa. Mama Mkwe amekaa upande wa kina mama, ngoma katikati ya magoti, imebanwa kama imeota pale. Akaanza. Hakunitazama, sikumtazama, lakini kila pigo lilikuwa langu na alijua. Gladness kando yangu, amependeza mpaka nikasahau jina lake. Kabla ya hatua ya kwanza akanyoosha mkono akanishika sikio, kama zamani mabegani. Macho yakajaa.

Tukaingia. Chini chini, nyayo kwenye sakafu, mabega yanafanya kazi yote. Goti likatii. Vigelegele! Watu wakaulizana yule ni nani. Nilimsikia kwa masikio yangu mama mmoja wa upande wa bwana harusi akiuliza! Ahadi imelipwa. Kama ningefikia hapo nikaketi, ningekuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Dodoma.

Kisha, nyuma yangu, Jamaldini akaruka. Na viatu vyeupe. Na ukumbi ukapiga kelele kubwa kuliko zangu.

Sasa jamani. Mtu angefanyaje?

Kuruka niliruka vizuri sana.

Jumapili, 15 Juni

La kushoto.

Loisi alikuwa miongoni mwa wageni. Alinifikia pale sakafuni wa kwanza, akainama, akanipa shikamoo. Safari hii niliogopa kuitikia. Amesema goti la kulia liko salama kabisa, limefanya kazi nzuri, na la kushoto tuanze kesho saa tatu, nusu saa tu, bila kujificha, bila koti. Gladness alicheka na kulia pamoja, akanibusu kichwani, akasema hakuna bibi harusi mwenye baba kama wake. Kamati ilikuwa tayari na kiti cha magurudumu. Jamaldini ndiye aliyenisukuma mpaka kwenye keki, anaimba wimbo wa mtu aliyekaa ndani ya tanki. Una beti nyingi. Ukumbi mzima uliitikia, na mimi pia, maana mtani hakasirikiwi na kiitikio ni kitamu.

Nimelala macho wazi nikifikiri, na nimeona kosa lilipokuwa. Si kuruka. Wala si tanki. Ni ndoo. Ndoo inaelea, kitu chenye akili ni ngazi ya chuma. Na mguu mzima utangulie, mbovu ufuate. Tanki limejaa tena tangu Ijumaa, na kesho mchana jua litakuwa kali. Ihumwa ni nusu saa. Tanki ni siku nzima.

Mama Mkwe ameondoka asubuhi kurudi Haneti na mbuzi wake, anatembea vizuri. Kabla ya kupanda gari alimwita paka. Akamwambia paka amwambie mkwe kwamba mdomo wa tanki ameutia kufuli na ufunguo anao yeye.

Nimekwenda kulitazama hilo kufuli. Ni dogo.